Mtihani Ni Mimi

Wasee, kuna kazi nimefanya mara nne na sijawahi kuiandika kwa CV. Kazi yenyewe ni kulala. Unavua nguo ya juu, unafunikwa shuka, halafu vijana wa koti jeupe wanaingia mmoja mmoja, mikono ikitetemeka, wanakuwekea stethoskopu baridi kifuani. Pembeni wamesimama madaktari wawili wakubwa wenye makaratasi, wanaandika alama. Hizo alama si zangu. Mimi ni swali.

Nikiwaambia watu hivyo wanacheka, kwa sababu kwa akili zetu mtihani ni karatasi, kalamu na msimamizi anayetembea polepole nyuma yako. Kumbe mwanafunzi wa udaktari akishasoma miaka sita, amekariri vitabu vizito kama matofali, kuna siku anasimamishwa mbele ya mtu mgonjwa kweli na kuambiwa: haya, tuambie huyu ana nini. Asipojua, anarudia. Na huyo mgonjwa hajashuka kutoka mbinguni. Ni mimi. Ni yule mzee wa ploti yenu. Ni mama mboga mwenye mguu uliovimba, aliyepigiwa simu wiki iliyopita akaulizwa kama ana nafasi Jumanne.

Wacha nianze na moyo wangu, maana ndio uliniingiza kwa hii story.

Nikiwa darasa la nne, tukiishi Kayole, niliumwa na koo. Koo tu. Mathe akanipa maji ya chumvi ya kusukutua, siku tatu nikawa fiti. Wiki mbili tatu baadaye goti likavimba. Likapona, maumivu yakahamia kwa kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Nilikuwa natembea kama nyanya yangu. Tukaenda zahanati moja, nikapewa dawa ya malaria bila hata kutolewa damu. Mara ya pili tukaambiwa ni mifupa inakua. Hakuna aliyeweka stethoskopu kifuani mwangu. Sisemi hivi kwa uchungu. Sawa, nasema kwa uchungu kiasi.

Nilikuja kujua baadaye kwamba ile ilikuwa homa ya baridi yabisi. Kuna bakteria fulani wa koo, na mwili ukipigana nao wakati mwingine unachanganyikiwa, unaanza kujishambulia wenyewe: magoti, na kibaya zaidi, moyo. Magoti hupona. Moyo unabaki na kovu. Ndani ya moyo kuna vali, yaani milango midogo inayofunguka na kufungika damu ikipita. Mmoja wa kwangu, ule wa upande wa kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini, umeshikana kandokando kama mlango wa kibanda uliopakwa rangi ukiwa umefungwa. Unafunguka, lakini kidogo. Damu ikipenya hapo inanguruma, na huo mngurumo unasikika kwa stethoskopu, kama anayesikiliza anajua anachotafuta.

Koo lile lingetibiwa vizuri kwa penisilini, dawa ya zamani na ya bei rahisi, pengine saa hii singekuwa naandika haya. Badala yake ninachomwa sindano ya hiyo hiyo penisilini kila baada ya wiki nne ili ugonjwa usirudi kuongeza kovu. Wale mmewahi kuchomwa hiyo sindano mnajua. Unatoka ukichechemea hadi steji, na kwa mat unakalia upande mmoja.

Aliyenigundua hakuwa profesa. Nilikuwa kidato cha pili, siwezi kupanda ngazi za bweni bila kusimama katikati, nikapelekwa hospitali na nikaangukia afisa wa kliniki ambaye bado alikuwa kwa mafunzo ya kazini. Kijana mwembamba, koti limemzidi. Akaniwekea stethoskopu. Akaitoa. Akairudisha. Akaniambia nilale ubavu wa kushoto, akafunga macho, akasikiliza muda mrefu hadi mathe akaanza kuomba kimya kimya. Shikeni hapo kwa ubavu wa kushoto, nitaparudia.

Sasa, miaka miwili iliyopita niko kwa foleni ya kliniki ya moyo, sista akaniita kando. "Mrembo, wewe uko na moyo mzuri sana."

Nikadhani nimepona. Maze, karibu nimkumbatie. Kumbe alimaanisha mzuri wa kutahinia.

Kwa hospitali, mgonjwa ambaye ugonjwa wake unasikika wazi ni mali. Mgonjwa mzuri wa mtihani hajazidiwa wala hajapona. Anaweza kulala saa nne na kuamka mwenyewe, lakini ile kitu iko pale pale, kila anayejua kusikiliza ataisikia. Sista akaniambia kuna mtihani wa mwisho wa wanafunzi, nitapewa nauli, chakula cha mchana na elfu moja juu. Nilikuwa nimemaliza kozi, sina kazi, na elfu moja ni elfu moja. Nikauliza nitafanya nini. "Utalala tu." Ridhaa yangu ilianzia na kuishia hapo. Fomu niliwekewa mbele asubuhi ya mtihani, ukurasa mmoja wa Kiingereza kigumu, nikaonyeshwa kwa kidole mahali pa kusaini.

Siku hiyo nilifika kabla ya saa moja asubuhi. Tulikuwa watu kama kumi na wawili kwa benchi, kila mtu na kitu chake. Mama mwenye rovu shingoni. Kijana wa rika langu ambaye mkono mmoja ulikuwa umelegea. Mzee mmoja aliyekuwa na bandama kubwa, akikaa unaona tumbo limeinuka upande mmoja kama ameficha sufuria ndogo chini ya shati. Tukasalimiana kwa magonjwa. Sikuwahi kukaa na watu hivyo, kila mtu mgonjwa na hakuna anayehurumiwa. Mambo ya kawaida kabisa, kama watu wa chama.

"Na wewe msichana wangu, una nini?" mzee akauliza.

"Moyo, baba."

"Vali?"

"Vali."

"Ee, hizo wanapenda."

Mzee alikuwa amefanya hii kazi kabla mimi nizaliwe, kulingana na yeye. Aliwajua maprofesa wakiwa bado watoto wa shule. Mmoja wao, akaniambia akicheka, alitapika kwa sinki pale nje kabla ya kuingia, "na leo ndiye anawafelisha wenzake." Alinipa na masharti ya kazi. Kula kabla, kwa sababu chakula cha mchana huja saa nane. Beba sweta. Ukiitwa choo, enda mapema. Halafu akainama: "Ukiona mtoto mzuri, msaidie. Ukiona mwenye madharau, nyamaza."

"Unamsaidia aje?"

"Akianza kuondoka na hajagusa hapa chini ya mbavu za kushoto, mimi nakohoa."

Muda mfupi baadaye sista akapita akatutangazia sheria: tusiwaambie wanafunzi ugonjwa wetu, wakiuliza tuseme hatujui. Mzee akaitikia kuliko wote. "Sawa sista!" Kama mtoto wa kwaya.

Kwa chumba changu ilikuwa hivi. Mwanafunzi anaingia, mtahini anamwambia apime moyo wa huyu dada, anapewa dakika chache, kisha anaulizwa amepata nini. Haruhusiwi kuniuliza story ya ugonjwa. Ni mikono, macho na masikio yake tu. Wanaanza na vidole vyako, wanaangalia kucha, wanashika mshipa wa mkono, wanaangalia shingo, wanatafuta kwa kiganja mahali moyo unapogonga, ndipo stethoskopu inakuja.

Wa kwanza hakuniangalia usoni hata mara moja. Alifanya hayo yote harakaharaka kama mtu anayekagua ndizi kabla ya kununua. Kisha akavuta shuka yote mpaka kiunoni. Dirisha halikuwa na pazia. Halikuangalia barabara, ni ukuta tu wa jengo lingine, lakini huo ukuta pia ulikuwa na madirisha. Hapo hapo mlango ukafunguliwa, jamaa wa chai akaingia na chupa ya moto na sambusa za watahini. Nikajifunika kwa mkono. Mtahini mmoja akasema kwa Kiingereza niweke mkono pembeni tafadhali. Hakusema kwa ubaya. Ni vile tu hakuwa ananiona mimi, alikuwa anaona kifua cha mtihani. Nilihesabu vigae vya dari. Thelathini na sita, mmoja umepasuka.

Na sasa niwaambie ukweli ambao sipendi: huyo kijana alikuwa moto. Alinigeuza ubavu wa kushoto, akageuza stethoskopu kwa ule upande mdogo unaoshika sauti nzito, akaniambia nitoe pumzi nisiivute tena kwanza. Sekunde chache. Akasimama wima, akataja vali yangu kwa jina, akasema mngurumo unaanza wapi kati ya mapigo na unaishia wapi. Watahini wakaangaliana. Alipotoka hakusema hata asante.

Wawili waliofuata siwakumbuki. Wa nne alisahau kuweka stethoskopu masikioni, akasikiliza sekunde kadhaa ikiwa shingoni. Nilijiuma ulimi nisicheke.

Wa tano alikuwa msichana, pengine ananizidi miaka mitatu. Alipaka mikono dawa, akaisugua ipate joto, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Habari yako dada?" Akaniambia jina lake. "Naomba nipime moyo wako. Nikikuumiza ama ukichoka, niambie, sawa?" Watu wanne walikuwa wamenishika kabla yake na hakuna aliyekuwa ameomba. Shuka aliinua upande tu aliohitaji, akaufunika tena alipomaliza. Nilisikia vidole vyake vikidunda kuliko mshipa wangu.

Alisikiliza nikiwa chali. Akasogeza. Akasogeza tena. Unajua vile mtu hutafuta funguo kwa mfuko ambao anajua hazimo, lakini anaendelea kutafuta hapo hapo kwa sababu ya kuogopa? Mtahini mmoja akaangalia saa. Msichana akaanza kuvua stethoskopu masikioni, macho yamejaa maji.

Na mimi nikageuka.

Sikusema kitu. Niligeuka tu ubavu wa kushoto, polepole, kama mtu aliyechoka kulala chali. Aliniangalia kidogo tu. Kisha akarudisha stethoskopu pale chini ya titi, akafunga macho, na nikaona uso wake ukibadilika. Huo uso nilikuwa nimeuona mara moja tu maishani, kwa yule afisa wa kliniki wa koti kubwa.

Alijibu vizuri. Sauti ilitetemeka lakini alitaja. Akaulizwa maswali zaidi, na swali la mwisho likatoka kwa mtahini mwanamke, mama wa mvi, mpole: na je, mgonjwa huyu akikuambia anataka kupata mtoto, utamwambia nini?

Msichana akajibu kama anasoma kitabu. Angemshauri asubiri. Mimba inaweza kumlemea moyo, inaweza kuhatarisha maisha yake, kwanza vali itengenezwe.

Mimi nilikuwa nimelala hapo hapo. Kiingereza naelewa. Nimeenda shule. Miaka yote hiyo ya kliniki, sindano baada ya sindano, hakuna mtu aliyekuwa ameniambia hiyo kitu. Na wakati huo nilikuwa na mtu. Tulikuwa tumeanza kuongea yale maneno ambayo watu huongea usiku, ya majina ya watoto na nani atafanana na nani.

Msichana alipotoka alinigusa bega. Nikatabasamu. Wakaingia wengine watatu na sikuhesabu tena vigae.

Wakati wa chakula wote walitoka. Yule mama wa mvi akarudi kuchukua miwani aliyosahau kwa meza. Nilikuwa nimekaa kwa ukingo wa kitanda nikifunga vifungo.

"Daktari, samahani. Ile maneno ya mtoto. Ilikuwa swali tu, ama ni mimi?"

Alisimama. Akafunga mlango. Akavuta kiti akakaa, na nadhani hicho ndicho kitu nitakumbuka nikizeeka, kwamba alikaa.

"Ni wewe, mwanangu. Hakuna aliyekuambia?"

Akanieleza kwa Kiswahili, akichora nyuma ya bahasha. Mwanamke akiwa mjamzito, damu mwilini huongezeka karibu nusu, na moyo hupiga kwa kasi zaidi. Mtu mwenye milango mizuri hahisi sana. Mimi mlango wangu ni mwembamba, kwa hivyo damu itajaa nyuma yake na mapafu yaanze kujaa maji. Hakuniambia siwezi kuzaa. Aliniambia nisishike mimba kwa bahati mbaya, kwamba ni kitu cha kupangwa na daktari wa moyo kabla, na kwamba hata njia ya kupanga uzazi nisichague tu dukani, kuna zingine hazifai mtu wa moyo. Akaniambia pia kuhusu puto. Wanapitisha mrija mwembamba kwa mshipa wa paja hadi ndani ya moyo, kisha wanajaza puto dogo pale kwa vali iliyoshikana, inaachana. Si kila vali inafaa, lazima ipigwe picha kwanza. Akaandika barua kwa kliniki yangu akitaka nipigwe hiyo picha upya. Tulikaa dakika ishirini. Chakula chake kilipoa. Kliniki yangu ya kawaida huwa dakika nne, tano ukiwa na bahati.

Kwa hivyo mnaniuliza kama nilitumiwa siku hiyo? Nilitumiwa. Na hiyo ndiyo siku nilitibiwa vizuri kuliko zote. Mimi mwenyewe sijui niweke wapi.

Kwa mat nikirudi nyumbani nilikuwa nafikiria mtoto, lakini pia nilikuwa nafikiria yule msichana. Mwanzoni nilijisikia poa sana. Nimemwokoa mtu. Kufika Donholm ile furaha ikaanza kuchacha. Kwa sababu ule mtihani upo kwa nini? Upo ili mtu asiyejua kumgeuza mgonjwa asipewe wagonjwa. Mimi nilipoumwa darasa la nne, pengine yule wa zahanati pia alikuwa mtu mpole. Sikumbuki akitufokea. Alitupa dawa ya malaria kwa upole. Sasa nikamfikiria yule daktari wangu mpya, amepelekwa mahali mbali, anaingiliwa na mtoto wa miaka kumi mwenye goti lililovimba, amelazwa chali, na mtoto hajui kugeuka.

Rafiki yangu mmoja anasema nawaza sana, kwamba siku hiyo alijifunza na hatasahau kamwe. Inawezekana. Mtu akiaibika karibu na kufeli hukumbuka. Lakini rafiki yangu mwingine, anayesomea uuguzi, aliniambia kitu kingine: yule wa kwanza, aliyenivua shuka akapata jibu, yeye nani atamfelisha? Mtahini alimwona akiniacha wazi mbele ya jamaa wa chai. Aliona na akampa alama. Basi mimi na yule mzee wa bandama tumekuwa tukisahihisha ile sehemu ya mtihani ambayo wao hawasahihishi. Nilipenda hiyo hoja. Bado sijui kama ni ya kweli ama ni ya kujitetea.

Nikaanza kusoma, vile mimi hufanya nikiwa na wasiwasi. Kumbe si sisi tu. Mwaka wa 1963 kule Los Angeles, daktari mmoja wa mishipa ya fahamu aitwaye Howard Barrows alianza kufundisha watu wazima kabisa kuigiza wagonjwa, ili wanafunzi wote wapate swali lilelile. Watu walimcheka, leo waigizaji hao wako kwa vyuo vya udaktari duniani kote. Mwaka wa 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, wakachapisha mtindo wa mtihani wa vituo, mwanafunzi anazunguka, kengele inalia, anaenda kituo kingine. Uingereza tangu 2001 wana mtihani mwingine wa vituo kwa madaktari wanaotaka kupanda ngazi, unaitwa PACES, na hapo bado wanatafuta wagonjwa wa kweli kama sisi. Sababu ni rahisi. Mwigizaji anaweza kulia, anaweza kushika tumbo, anaweza kudanganya kwamba amepoteza mume. Hawezi kuigiza vali. Hiyo lazima uwe nayo.

Kwa hivyo tunahitajika, na hapo ndipo naudhika. Kitu kikihitajika, kinaheshimiwa. Sheria yetu ya Afya ya 2017 inasema mgonjwa aelezwe hali yake, na inapowezekana aelezwe kwa lugha anayoielewa. Inasema pia huduma isitolewe bila ridhaa yako uliyoitoa ukijua. Katiba nayo, kifungu cha 31, inakupa faragha. Sijaona mahali imeandikwa "isipokuwa wiki ya mtihani." Ile fomu ya Kiingereza niliyosaini ningeweza kuikataa na kliniki yangu isibadilike hata kidogo. Hakuna aliyeniambia. Nilidhani nikikataa sista atanikumbuka siku ya sindano.

Na pesa. Kuna watu wanasema tusilipwe, ni kujitolea, ukilipa utapata watu wa kudanganya. Sawa. Lakini kwa hicho chumba, mwanafunzi amelipa karo, mtahini ana marupurupu, jamaa wa chai ana mshahara. Mara ya pili nilipoitwa, ile elfu moja ilikuwa imekuwa mia tano na soda. Mama wa rovu alitumia mia nne kwa nauli. Fanya hesabu.

Siwachukii wanafunzi, tafadhali msinisome vibaya. Hao ndio wale wale waliokuwa barabarani 2024 madaktari walipogoma, Machi hadi Mei, kwa sababu serikali ilitaka kuwakatia malipo wale wanaoanza mwaka wa mafunzo ya kazini. Nao pia wanaambiwa wavumilie kwa jina la kujifunza. Tulikuwa wawili kwa hicho chumba ambao hatukuwa na nguvu, mimi kwa kitanda na yeye kwa miguu yake, na labda ndio maana niligeuka. Wanyonge husaidiana hata pale hawafai.

Mara ya tatu nilipoenda, mzee wa bandama hakuwepo. Niliuliza sista, akasema simu yake haipatikani. Pale kwa benchi, mahali pake, alikuwa mama mwingine mwenye bandama vilevile. Nilimwambia ale kabla, abebe sweta. Hiyo ya kukohoa sikumwambia.

Mara ya nne nilienda na masharti. Nilimwambia sista kwa simu: nitakuja, lakini naomba pazia, naomba fomu nisomewe kwa Kiswahili, na mtu akisema kitu kuhusu mwili wangu ambacho sijawahi kuambiwa, nielezwe kabla nirudi nyumbani. Akanyamaza. "Wewe umekuwa wakili?" Lakini pazia nililikuta, la kijani, limefungwa kwa kamba ya viatu. Na mtahini mmoja, mwanaume, kabla hata ya mwanafunzi wa kwanza kuingia, alikuja akajitambulisha, akaniuliza kama kuna kitu sitaki kijadiliwe mbele yangu. Nikasema kila kitu kijadiliwe, ndio nimekuja kusikia.

Siku hiyo kulikuwa na mvulana mmoja aliyehangaika kama yule msichana. Mpole pia. Alisikiliza nikiwa chali, akasogeza, akasogeza tena. Nilikaa chali. Nilimwangalia akitoka na nikajisikia mchawi. Usiku sikulala vizuri.

Ile picha ya moyo nilipigwa. Wamesema vali yangu inafaa puto, niko kwa orodha. Yule mtu wa majina ya watoto nilimwambia yote, akasema tutapanga, kisha akaanza kuchelewa kujibu, na sasa hajibu. Hiyo ni post ya siku nyingine. Ama si ya siku yoyote.

Sista amenipigia jana. Mtihani ni wiki ijayo, ananitaka kwa siku mbili. Nikamwambia ajue hii huenda ikawa ya mwisho, kwa sababu vali ikishatanuliwa mngurumo utapungua na sitakuwa tena na moyo mzuri. Akacheka, akasema atanimiss, kisha akaniambia nije na sweta, chumba ni kile kile cha kwanza. Cha dirisha. Nimemwambia nitakuja na leso mbili, moja yangu na moja ya dirisha, na yeye atafute misumari.